Vyungu Saba vya Karatasi

Mimi si mtu wa kutupa karatasi. Nina saiba ndogo, duka la kompyuta na uchapaji, mjini Nyeri, na kazi inayonilisha mimi na binti yangu Wendy ni kuchapa programu za mazishi. Watu wa harusi wana maneno mengi, mara rangi hii, mara ua lile. Watu wa mazishi hulia kidogo, huketi, husema wanachotaka, huenda. Karatasi ikiharibika naifunga kwa kamba na kuiweka chini ya meza, maana upande wa nyuma bado ni mweupe. Dada zangu huniita mkono wa birika, na sikatai.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya kawaida ya Agosti. Anayeijua Nyeri anajua Agosti yake: ukungu tangu asubuhi, mlima haujaonekana wiki mbili, na nguo zinakaa kwenye kamba siku tatu bila kukauka. Nilikuwa nimejifunga leso juu ya sweta, nakunywa chai, Wendy alipoingia na karatasi ya shule. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu kuliko mimi, mikono yake imejaa rangi kila siku ya Mungu.

“Mum, niko na project ya holiday,” akasema. “Vyungu vya Wagiriki wa kale. Saba. Natengeneza na karatasi.”

“Wagiriki? Kwani vyungu vya hapa viliisha?”

“Si mimi nimechagua. Ni Teacher Falguni. Anasema tutafute newspaper mob, nyingi kabisa.”

“Siku hizi nani ananunua gazeti, Wendy? Watu wanasoma kwa simu.”

Falguni alikuwa mwalimu wake wa sanaa, binti wa mzee Kanubhai anayeniuzia karatasi za printa tangu nifungue duka. Karatasi aliyompa Wendy ilikuwa na picha za vyungu saba. Kidogo kabisa kilikuwa kichupa chembamba cha mafuta. Kikubwa kabisa kiliitwa amfora, kina mikono miwili na shingo ndefu. Kwenye matumbo ya vyungu hivyo, wanaume weusi walikuwa wakichomana mikuki juu ya udongo mwekundu. Wendy alikuwa ameshavipenda, niliona machoni mwake.

Nikainama chini ya meza nikavuta furushi lililokuwa nyuma kabisa. Karatasi safi, laini, zinazokunywa gundi vizuri. Sitaki kudanganya hapa: nilijua ni furushi gani.

Lilikuwa limekaa pale mwaka mzima. Agosti iliyotangulia aliingia mama mmoja kutoka Mweiga, jina lake Kabura, mkulima wa viazi, na daftari la shule mkononi. Mumewe Nderitu alikuwa amefariki. Alikuwa ameandika wasifu wa marehemu mwenyewe kwa kalamu, na aliuandika kwa Kiswahili kwa sababu, aliniambia, alitaka hata polisi wausome. Nikachapa alivyoandika. Karibu na mwisho kulikuwa na maneno haya, na nayajua kwa moyo hadi leo:

*Nderitu hakuangukiwa na mti. Aliuawa. Alikatwa kwa panga mara saba na ndugu yake wa damu, katika shamba waliloachiwa na baba yao, nami nikiona: vidole, kiganja, mkono, mkono wa pili, bega, mgongo, na mwisho shingo.*

Nilitoa nakala mia za ukurasa huo. Kesho yake Kabura akarudi, lakini safari hii hakuwa peke yake. Alikuja na shemeji yake Gikonyo, mwanamume mpana aliyevaa gambuti za matope na kofia kubwa ya mduara yenye utepe. Alivua kofia vizuri, akanisalimia kwa heshima, akaweka kidole juu ya ukurasa.

“Mama, hapa kuna makosa kidogo. Hii mstari utoe. Weka ati mti ilimwangukia akipasua kuni.”

Nikamwangalia Kabura. “Mama, ni sawa?”

Kabura akafungua mdomo. Gikonyo akamshika bega jinsi mtu anavyomshika ng’ombe sokoni ili mnunuzi amwone vizuri. Kabura akafunga mdomo.

“Amesema ni sawa,” Gikonyo akasema.

Ningeweza kukataa. Ningeweza hata kusema mashine imeharibika. Badala yake niliuwekea mstari ule alama, nikabonyeza kwa kidole hiki cha shahada cha mkono wa kulia, ukaisha. Chozi la Kabura lilikuwa halijafika kidevuni.

“Na hizo zingine choma,” Gikonyo akaniambia akitoka.

Nikasema nitachoma. Sikuchoma. Nilijiambia ni kwa sababu upande wa nyuma bado ni mweupe.

Basi ndizo hizo nilizompa mwanangu.

Sijui kama umewahi kuona kazi hii ikifanywa. Karatasi haikatwi kwa makasi, inachanwa kwa mkono iwe vipande virefu, kwa sababu ukingo uliochanika unashikana vizuri zaidi. Unapika gundi ya unga wa ngano kwenye sufuria, unatia chumvi kidogo isiote ukungu. Unapuliza baluni, unaipaka vipande tabaka juu ya tabaka. Unaongeza shingo na kitako cha katoni, na mikono ya karatasi iliyosokotwa, kisha ikikauka unapasua baluni. Halafu unapaka rangi ya udongo, unachora watu kwa rangi nyeusi, na macho na vidole vyao unavikwaruza kwa ncha ya sindano. Kichupa kidogo kilitaka tabaka nne. Amfora ilitaka kumi na mbili.

Nilimsaidia kuchana. Tulicheka sana Jumapili ile, gundi hadi kwenye nywele. Nilichana haraka bila kusoma, macho nimeyapeleka kwenye televisheni. Kufikia saa kumi na mbili jioni baluni zote saba zilikuwa zimevishwa, zinaning’inia kwenye kamba sebuleni, zikidondosha maji meupe.

Zilikaa mbichi siku tatu kwa sababu ya baridi. Jumatano saa sita mchana ukungu ukafunguka kidogo, jua likaingia dirishani. Kichupa kilikuwa cha kwanza kukauka. Baluni ndani yake ikapasuka yenyewe, pap.

Wendy alikuwa mezani anakunywa uji. Kikombe kikamtoka.

Vidole vinne vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimefunguka. Mkato mmoja, mwembamba, ulionyooka kutoka kidole cha kwanza hadi cha mwisho.

“Karatasi imenikata,” akasema, akishangaa. Hakukuwa na karatasi mkononi mwake.

Nilimfunga, nikamkaripia vile akina mama tunavyokaripia tukiogopa. Alasiri hiyo akaketi akakipaka kichupa rangi kwa mkono mzima, akachora askari wawili kutoka kwenye karatasi ya mwalimu, huyu na mkuki, yule na ngao. Kazi nzuri kweli. Nilimpiga picha nikawatumia dada zangu.

Asubuhi ngao haikuwapo. Askari yule alikuwa ameinua mikono mitupu mbele ya uso. Mwenzake hakuwa na mkuki tena. Alikuwa na kitu kifupi, kipana, kilichopinda kidogo kwenye ncha. Kichwani alikuwa na kofia ya mduara.

“Wendy,” nikamwita, “Wagiriki walikuwa wanavaa gambuti?”

Akaja akaangalia.

“Mum, mimi sikuchora hiyo.”

Alhamisi kikakauka chungu cha pili, bakuli la kunywea. Kiganja chake kikapasuka katikati, kile kile cha kushoto. Ijumaa kikakauka cha tatu, na safari hii haukuwa mkato wa karatasi. Nyama ya mkono ilifunguka kutoka kiwiko kwenda chini, nikaona kitu cheupe ndani ambacho mama hapaswi kukiona ndani ya mtoto wake. Damu ilifika mlangoni kabla sijapata taulo. Kwenye kliniki walimshona nyuzi kumi na moja. Muuguzi akamtoa Wendy kando, akamuuliza kwa sauti ya chini nani anamkata nyumbani.

“Hakuna mtu,” Wendy akamjibu. “Ni vyungu.”

Muuguzi akaniangalia mimi.

Tuliporudi nilichukua kile chungu cha tatu, nikamulika ndani kwa tochi ya simu. Vipande vilikuwa vimebandikwa huku na kule, herufi zangu zimekatika katika kila upande. Lakini chini kabisa, kwenye kitako, kipande kimoja hakikuwa kimechanika. Kilikaa sawa kama kilichobandikwa kwa rula. *Vidole, kiganja, mkono, mkono wa pili, bega, mgongo, na mwisho shingo.*

Niliketi sakafuni. Nilihesabu vilivyobaki kwenye kamba. Vinne.

Kisha nikafanya ujinga. Nilikoka jiko la makaa kwenye ua, nikakitia kichupa. Moto ulipougusa mkono wa kichupa, Wendy alipiga kelele ndani ya nyumba, kelele ambayo sitaisahau hata nikizikwa. Nilikichopoa kwa vidole vyangu, nikakizima kwa maji ya kufulia. Nilipomfikia, ngozi ya bega lake ilikuwa imevimba malengelenge. Nilipiga magoti mbele yake nikamwomba msamaha, na hakujua ninamwomba msamaha wa nini.

Jumamosi asubuhi Mwalimu Falguni akaja kutuletea rangi. Ni msichana mwembamba, wa kucheka haraka. Aliona bandeji, akaacha kucheka. Nikamwonyesha vyungu vitatu; viwili vya mwisho Wendy hakuwa amevipaka rangi, lakini watu walikuwa wametokea wenyewe. Kwenye kila kimoja yule mwenye kofia alikuwa amesogea karibu zaidi, na yule wa mikono mitupu alikuwa ameinama zaidi. Nyuma yao alikuwa ametokea ng’ombe mmoja, na mwanamke aliyejificha nyuma ya ng’ombe.

Falguni alikishika kichupa kwa kitambaa. “Mama Wendy, mlitumia karatasi gani?”

Nikamwambia. Nilimwambia yote, hata kidole.

Akanong’ona, Wendy asisikie. “Hii ndogo, Wagiriki walikuwa wanaipeleka kaburini. Na mafuta. Walikuwa wanachora marehemu mwenyewe hapo nje.” Akakiweka mezani. “Inakata lini?”

“Ikikauka.”

“Basi tusiache zikauke.”

Nimeishi Nyeri maisha yangu yote nikililia jua Agosti. Siku hiyo niliomba ukungu usiondoke. Tuliviteremsha vyungu vinne kutoka kwenye kamba, tukavifunga kwa taulo zilizolowa, tukaviweka kwenye beseni, tukavinyunyizia maji kila dakika kumi. Saa nane ukungu ukainuka. Mlima ukaonekana wote, mweupe juu, mzuri, na mimi nikaufungia pazia.

Haikusaidia. Saa tisa taulo ya chungu cha nne ilikuwa imekauka juu na ndani. Pap. Mkono wa kulia. Falguni akabana mshipa kwa kitenge changu huku mimi nikitafuta gari. Baluni ya chungu cha tano ilipasuka tukiwa bado mlangoni, na bega la mwanangu likafunguka chini ya sweta, sweta yenyewe haikukatika. Hospitali walimlaza. Daktari aliuliza maswali, akaandika, akasema polisi watakuja Jumatatu kuongea na mimi. Nikamwambia waje tu.

Wendy alikuwa mweupe midomo. “Mum, zimebaki ngapi?”

“Mbili.”

“Ya mwisho ni wapi?”

Nilimwambia sijui. Mkono wake wenyewe ukapanda polepole ukagusa shingo.

Nilitoka koridoni nikampigia Kabura. Namba yake ilikuwa nyuma ya karatasi moja iliyobaki ya furushi, ambayo nilikuwa nayo mkobani; nilikuwa nimeiandika mwenyewe mwaka uliopita. Nilidhani atanikatia simu. Alinisikiliza hadi mwisho, na nyuma yake nilisikia sufuria na watu wengi wakiongea.

“Kesho ni memorial ya mwaka moja,” akanong’ona. “Yeye ndio anaongoza. Amechinja mbuzi tatu.”

“Mama, naomba unisaidie. Mtoto wangu anakufa.”

“Mume wangu alikufa. Mimi nilisema, mbele yako. Nikaandika na mkono yangu. Wewe ulifuta. Wewe ndio utairudisha.”

Kwa hiyo nilifungua saiba jioni ile, nikauandika mstari ule upya kutoka kwenye karatasi ya mwisho, neno kwa neno. Nilichapa nakala mia mbili. Printa yangu ambayo hukwama kila siku haikukwama hata mara moja.

Jumapili saa mbili asubuhi chungu cha sita kikakauka ndani ya beseni lililojaa maji, ambalo Falguni alikuwa amelileta hospitali pamoja na amfora. Maji yalikuwa yanakifunika. Mgongo wa Wendy ulipasuka kutoka bega hadi kiuno, godoro la hospitali likaloa hadi chini. Wakati wanamkimbiza chumba cha kushonea, Falguni alikaa sakafuni akiikumbatia amfora iliyofungwa taulo. Aliwaambia wauguzi ni kazi ya shule.

“Nenda,” akaniambia. “Mimi nitaishikilia, naimwagia maji.”

Nje jua lilikuwa linawaka.

Nyumbani kwa Nderitu walikuwa wametandaza hema mbili, viti vya plastiki, na maua mapya juu ya kaburi la vigae. Ibada ilikuwa imeisha. Upande wa zizi la ng’ombe vijana walikuwa wakikata nyama ya mbuzi juu ya gogo. Gikonyo alisimama mbele na maikrofoni, suti nzuri, kofia ile ile, akieleza jinsi anavyomkosa ndugu yake. Kabura aliketi safu ya kwanza akiangalia miguu yake.

Nilianza nyuma. Nilimpa kila mtu karatasi moja, pole pole, kama mtu wa kamati. Watu walizipokea, wakanishukuru, wakaanza kusoma. Kelele za hema zikapungua safu baada ya safu.

Simu ikatetemeka. “Taulo ya kwanza imekauka,” Falguni akasema. “Naweka ingine.”

Nikatembea mbele. Gikonyo alidhani nimeleta risala. Alinipa maikrofoni mwenyewe.

“Jina langu ni Wachuka,” nikasema. “Mimi ndiye niliyechapa programu ya Nderitu. Kulikuwa na mstari nikaufuta. Naurudisha.”

Nikasoma. Nderitu hakuangukiwa na mti. Aliuawa. Nilipofika *ndugu yake wa damu*, mzee mmoja alisimama. Nilipofika *nami nikiona*, Kabura akainua uso. Akasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani:

“Niliona. Ni Gikonyo.”

Gikonyo hakukimbia. Hakukana. Alitembea hadi kwenye gogo la nyama, akamsukuma kijana aliyekuwa pale, akachukua panga. Lilikuwa na mafuta ya mbuzi. Watu waliangushana na viti. Alikuja kwa Kabura kwanza, nami, sijui kwa nini, kwa maana mimi si shujaa, niliingia katikati.

Niliinua mikono mitupu mbele ya uso.

Panga lilinipiga mkono wa kushoto. Sikusikia uchungu, nilisikia mlio, ule wa mfupa. Nilianguka juu ya maua ya kaburi. Simu ilikuwa imeanguka kando yangu, bado iko hewani, na sauti ya Falguni ikatoka ndani yake ndogo, inalia. “Mama Wendy, maji haishiki! Inakauka! Shingo inakauka!”

Gikonyo akainua panga mara ya pili.

Vidole vyake vikafunguka.

Vyote vinne, kwa mstari mmoja. Panga likamtoka. Akaviangalia. Kiganja kikapasuka. Akarudi nyuma hatua moja, akatafuta kwa macho mtu anayemkata. Hakukuwa na mtu karibu naye hatua kumi. Mkono. Koti lake halikukatika, lakini damu ilimwagika kutoka kwenye mkono wa koti kama bomba. Mkono wa pili. Akapiga magoti. Bega. Akaita jina la ndugu yake, “Nderitu,” si kwa hasira, kwa kuomba. Mgongo. Kofia ikaanguka.

Alinitazama mimi. Sijui kwa nini alinitazama mimi. Nadhani alitaka nifute.

Shingo ilifunguka kutoka sikio hadi sikio, taratibu, jinsi bahasha inavyofunguliwa na mtu asiye na haraka. Damu yake ilinifika usoni ikiwa moto. Alikaa amepiga magoti hivyo kwa muda mrefu kuliko inavyowezekana, kisha akaanguka juu ya maua.

Katika simu nilisikia, pap. Halafu kimya. Halafu Falguni.

“Imepasuka,” akasema. “Imepasuka yenyewe kwa shingo. Wendy anapumua. Mama Wendy, unanisikia? Anapumua.”

Nililia pale chini mbele ya watu wote, nikiwa nimelalia kaburi la mtu niliyemkosea.

Polisi walikuja. Watu zaidi ya mia walieleza kitu kimoja, kwa hiyo hawakujua waandike nini. Panga lilipopimwa, damu ya binadamu iliyokuwa juu yake ilikuwa yangu tu. Kijana mmoja wa mochari, ambaye humchapia mama yake kwangu tenzi za kanisa, aliniambia baadaye kwamba ndani ya kidonda cha shingo cha Gikonyo walitoa ukanda wa karatasi iliyolowa, ina gundi ya unga. Ilikuwa na neno moja lililochapwa. Hakuniambia ni neno gani, na sikumuuliza.

Kabura bado analima viazi. Wendy ni mzima, ila mkono wa kushoto haukunjiki sawasawa, na hapaki rangi tena. Falguni aliniletea vyungu vyote kwenye katoni, akaondoka bila kunywa chai. Nilivitazama mara moja tu. Yule mwenye kofia alikuwa amelala kwenye vyungu vyote saba. Ng’ombe hakuwapo, wala yule mwanamke aliyejificha. Lakini kwenye tumbo la amfora alikuwa amechorwa mwanamke mwingine, ameketi mbele ya meza ndogo, leso imefungwa juu ya sweta, kidole kimoja amekinyoosha. Uso wake ulikuwa umekwaruzwa kwa sindano hadi karatasi ikatoboka.

Nilivizika kando ya kaburi la Nderitu, kwa ruhusa ya Kabura.

Nilidhani yameisha. Wiki iliyopita wakaja watu wa Naro Moru, familia moja ya heshima, wana wawili na wake zao. Mama yao alikuwa amefariki. Walikuwa na wasifu tayari, umeandikwa vizuri, wa kuchapa tu. Tulikuwa tunaongea habari za picha ya jalada, ndipo ukungu ukafunguka na jua likaingia mlangoni mpaka kwenye meza yangu.

Kidole changu cha shahada kikafunguka. Mkato mmoja mwembamba. Tone moja likaanguka juu ya karatasi yao kabla sijauvuta mkono.

Nilitafuta kitambaa nikipangusa, nikiomba radhi. Tone lilikuwa limeangukia mstari mmoja tu, na nilipolipangusa niliusoma: *Aliaga dunia kwa amani, akiwa usingizini.*

Nikainua macho. Mtoto wa kwanza wa marehemu alikuwa analiangalia tone lile. Hakuuliza nimejikata na nini; habari ya Gikonyo ilishafika Naro Moru. Aliinua mkono wake polepole, akafunga kifungo cha juu cha shati lake, shingoni.